Daftari la Kijapani la Lamis

Jumamosi. Jeddah, mtaa wa Kandara. Saa kumi jioni.

Hewa ya leo ni nzito, kuta zinatoa jasho na mimi natoa jasho. Joto la Riyadh ni kavu, linakuanika kama nguo. Hili la Jeddah linakulowesha. Nimekaa jikoni kwa Sitti, ndivyo waajiri wangu wanavyomwita bibi yao mwenye nyumba hii, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na naandika kwa simu yenye bando lililobaki kidogo. Mnaosoma blogu hii mmezoea nikilalamika kuhusu wali na pasi. Leo sina mzaha mwingi. Nina jambo la kukiri na nitalifikia, msiniharakishe.

Kwa aliyekuja leo: naitwa Nafula, mtu wa Bungoma. Huu ni mwezi wa kumi na moja nikiwa mfanyakazi wa ndani kwa familia moja ya Malaz, Riyadh. Kuna Baba, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu. Kuna mkewe, Madam. Na kuna binti yao mmoja, Lamis, ana miaka kumi na saba na yuko mwaka wa mwisho wa sekondari.

Lamis anasoma Kijapani shuleni. Sitanii. Shule yao ya wasichana inawapa wa madarasa ya juu lugha moja ya kuchagua. Wenzake wengi wakachagua Kifaransa, yeye akachagua Kijapani kwa sababu ya katuni. Darasa lina wasichana sita na mwalimu anayebadilika kila mwaka.

Sasa, lugha inataka mtu wa kujibizana naye. Baba ana kazi zake, Madam ana simu yake. Nikabaki mimi.

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Madam akilala, tulikuwa tunakaa kwenye zulia chumbani kwa Lamis. Nilimshikia kadi zenye herufi, yeye anasoma, mimi natazama jibu nyuma ya kadi. Nimezishika kadi hizo miezi mingi mpaka herufi zimeniingia kichwani bila kukusudia. Na matamshi, wacha niseme ukweli, nilimshinda. Sauti zao ni a, e, i, o, u kama zetu, hakuna cha kukunja ulimi. Mwalimu alisikiliza rekodi ya mazungumzo yetu akauliza huyo mwenzako anayetamka vizuri ni nani. Lamis akamwambia ni binamu yake. Nilicheka, kisha nikaumia kidogo, lakini siku nzima nilifagia nikiwa na furaha. Mimi niliyetoka kidato cha nne na C ya kusukumwa, nimesifiwa na mwalimu wa Kijapani.

Kila Alhamisi wasichana hao wanapeleka shajara ya wiki, mistari miwili mitatu kwa kila siku, kwa penseli, kwenye daftari la miraba ambapo kila herufi ina mraba wake. Siku moja Lamis alinipa daftari nimfuatilie akisoma kwa sauti, nikaona jina langu limo. Nilifurahi. Katika nyumba ile jina langu lilikuwa halijaandikwa popote isipokuwa kwenye ikama, kile kibali cha ukaazi.

Lakini chini ya jina langu karatasi ilikuwa imesuguliwa kwa raba mpaka imekuwa nyembamba. Mahali pengine panne, vivyo hivyo. Nikadhani alikosea akarekebisha.

Jumapili iliyofuata nilisoma mbele kidogo. Lamis alikuwa ameshaandika wiki nzima, hata siku ambazo hazijafika. Jumatatu: Nafula amevunja glasi. Nilimtania, nikamwambia mimi sivunji vitu, mimi si mtoto. Jumatatu asubuhi nikapanga zile glasi ndefu za Madam kwenye rafu ya kukaushia, nikageuka kuchukua kitambaa, moja ikateleza.

Nilisimama na fagio nikitazama vipande.

Nilimwambia Lamis. Akacheka tu, akasema rafu ile imeinama, kila mtu anavunja. Sikuuliza ni kila mtu gani. Wiki iliyofuata daftari likasema Nafula ameumwa tumbo, nikaumwa tumbo. Likasema Nafula amelia kwenye simu. Nikaapa kwamba wiki hiyo silii ng'o. Ijumaa nikampigia mama, akampa simu mwanangu Neema, ana miaka sita. Akaniuliza kama bado nina sura ileile. Nililia mpaka Baba akatoka sebuleni kuja kutazama.

Siku niliyopangusa meza ya Lamis nikaliinua daftari dirishani. Penseli ya kwanza ilikuwa imeacha mfereji chini ya jina langu, na kwa mwanga wa jua ulisomeka. Mwikali. Mimi si Mkamba, lakini jina hilo nalijua. Hilo ni jina la mtu wa kwetu.

"Mwikali ni nani?" nilimuuliza Lamis alipotoka shule.

"Alikuwa kabla yako. Halas, amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda tu, Nafula. Yalla, shika kadi."

Wiki tatu zilizopita, nikipangusa rafu ya vitabu vyake, nililikuta daftari la mwaka jana, la mwaka wake wa pili wa sekondari. Nilikaa chini nikaweka madaftari mawili magotini. Mistari ilikuwa ileile. Glasi ileile, tumbo lilelile, simu ileile, isipokuwa la zamani lina jina la Mwikali na jipya lina langu. Lamis aliingia akanikuta hivyo, wala hakukasirika. Alisema mwalimu ni mpya, hawezi kujua. Na kwa nini atunge upya, wakati hapa kwao hakuna kinachobadilika mwaka hadi mwaka?

Alisema hivyo huku anakula pipi.

Kumbe haikuwa uchawi. Ningependa iwe uchawi, ningekemea kwa jina la Yesu nikalala. Ilikuwa nyumba tu inayorudia mwaka wake. Joto linakuja wiki ileile, rafu imeinama vilevile, chakula kipya kinamsumbua mgeni tumbo, mgeni anawakumbuka watu wake. Anayebadilishwa ni mtu anayeshika fagio.

Daftari jipya lilikuwa limefika katikati. La zamani lilikuwa linaendelea, kwa hiyo nikaendelea nalo. Nilipata taabu kwa maneno mengine, lakini haya niliyaelewa yote:

Alhamisi. Tumekwenda Jeddah kwa Sitti. Garini tuko wanne.
Ijumaa. Tumekula samaki.
Jumamosi. Tumerudi nyumbani. Mwikali hakurudi. Garini tuko wanne.

Baada ya hapo Mwikali hatajwi tena mpaka mwisho wa daftari.

Nilihesabu kwa vidole pale pale sakafuni. Baba, Madam, Lamis, Mwikali, hao ni wanne. Mtoe Mwikali, wanabaki watatu. Sasa aliyekaa kiti cha nne ni nani? Usiniulize kwa nini sikumuuliza Lamis. Niliogopa kujibiwa.

Niliuliza kwenye kikundi chetu cha akina dada walioko Saudia. Mmoja akajibu kwamba mwaka jana kuna kijana wa Mwingi alikuwa akizungusha picha ya dada yake Mwikali. Ofisi iliyomleta iliwaambia ametoroka kwa mwajiri, hajulikani alipo.

Jumatano iliyopita Madam akaniambia kesho tunakwenda Jeddah, likizo fupi imeanza. Akaongeza, "Nafula, beba nguo zako zote. Jeddah kuna joto, utabadilisha sana."

Nilizibeba zote. Ningefanya nini?

Siku hiyo hiyo Lamis alinionyesha simu yake kwa furaha. Kwa sababu ya likizo walitakiwa kupeleka shajara mapema, naye alishapeleka, na mwalimu alishasahihisha. Kwenye picha ya ukurasa wa Jumamosi kulikuwa na duara kubwa jekundu, ambalo kwa Wajapani ndiyo alama ya vyema. Kwa hiyo huko Riyadh kuna mtu anayejua tangu Jumatano kwamba mimi nimebaki Jeddah, na hakuona kosa.

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Baba anaendesha, Madam kando yake, Lamis na mimi nyuma. Wanne. Jangwa halikuisha mpaka alasiri.

Kandara ni mtaa wa zamani wenye vyumba vya bei rahisi na watu wa kila taifa. Wenye uwezo wamehama, Sitti amekataa. Nyumba yake iko ghorofa ya tatu. Baba alibonyeza kengele, tukasikia funguo zikigeuka mara tatu. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwembamba mwenye gauni refu la kahawia. Kabla hajasema salamu ya Kiarabu, alimtazama Lamis akamwambia kwa Kijapani, karibu tena nyumbani.

Ilikuwa sauti yangu.

Namaanisha pale anaponyanyua, pale anaporefusha, kile kicheko kidogo mwishoni ambacho Lamis hunilazimisha nikiweke kwa sababu kwenye rekodi ya kitabu kipo. Tulifundishwa na mtoto mmoja, kwa kadi zilezile, kwenye zulia lilelile. Lamis akamkumbatia, akaingia ndani kama vile waliachana juzi.

Wengine walipopita, yule mwanamke alibaki na mimi kwenye korido. Hakunitazama usoni. Alitazama begi.

"Umekuja na nguo zako zote?"

"Madam ndiye alisema."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Asante Yesu," akasema. "Asante Yesu." Kisha akanishika bega. "Pole, sister. Pole sana."

Jikoni, huku tunaosha mboga, Mwikali, maana ndiye huyo, alinieleza. Nitaandika alivyosema, maana nimeyarudia kichwani siku mbili.

"Mimi nikiletwa hapa nilipata mdada wa Kisumu. Yeye ndiye alirudi nao kwa gari, Baba akamkatia ticket, akaenda home. Hapa unatolewa na mwenye anakuja. Kama hakuna mwenye anakuja, unakaa."

"Na mkataba?"

"Contract yangu iliisha nikiwa hapa hapa. Nikimuuliza Sitti anasema mafi safar, hakuna safari, mpaka waje. Simu iliharibika mwezi wa kwanza, na hapa hakuna wifi. Ufunguo anavaa shingoni, nikifungua mlango ananipa, nikifunga anachukua." Akakung'uta mboga. "Huko nyumbani wanasema nini juu yangu?"

Nikamwambia wanasema alitoroka. Alicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. "Nitoroke niende wapi, na hii ngazi sijashuka tangu Ramadhani?"

Basi nikawa nimempata mtu wa kiti cha nne. Si jini wala mzuka. Ni mwanamke aliyebadilishwa, kama unavyobadilisha mtungi wa gesi.

Sitti mwenyewe si mkatili wa kupiga, nisimzushie. Ni mzee wa mifupa mitupu, anataka ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na anataka mtu amshike mkono mpaka asinzie. Anaogopa kuachwa peke yake. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo mwaka mzima bila kwisha. Nimemwona Mwikali akisinzia amesimama, sufuria mkononi.

Ijumaa tulikula samaki.

Walipomaliza, Lamis aliketi sebuleni amechoka na simu, akasema tufanye mazoezi kidogo. Mwikali alikuwa mlangoni na trei, mimi nilikuwa nakunja kitambaa cha kulia. Lamis akauliza lile swali la somo la tano: kesho unakwenda wapi?

Tulijibu pamoja. Hatukutazamana, hatukupanga. Sauti mbili zikatoka kama moja: ninarudi nyumbani. Ndilo jibu la kitabu, hatujafundishwa jingine. Lamis akapiga makofi, akasema laiti angerekodi.

Madam hakupiga makofi. Aliinua macho kwenye simu yake, akanitazama, akamtazama Mwikali, akarudi kwenye simu.

Sasa jambo lenyewe.

Jioni hiyo nilimfuata Madam kwenye kibaraza alipokuwa anavuta hewa. Nilikuwa nimejipanga kumwambia aturudishe wote wawili, kwamba Mwikali mkataba wake umekwisha na ana watu wanaomlilia. Hayo ndiyo niliyopanga. Nilipofungua mdomo nikasema hivi: "Madam, Mwikali anajua dawa za Sitti zote na saa zake. Mimi sijui. Ni afadhali abaki yeye."

Nilisema kwa Kiarabu changu cha kuvunjika lakini nilieleweka vizuri sana. Na nilipogeuka Mwikali alikuwa nyuma yangu na glasi za chai.

Madam alinigusa shavu. Alikuwa na upole wa kweli, hilo ndilo lililonimaliza. "Utajifunza, Nafula. Wewe ni hodari. Umejifunza hata Kijapani."

Ningejua, ningekuwa mjinga kuliko wote Riyadh nzima. Ningeshika kadi juu chini.

Mwikali hakunisema. Usiku alinionyesha dawa moja moja, ya moyo, ya presha, ya usingizi, akanifanya nirudie. Nilitamani anitukane. Nilimwomba msamaha, akasema, "Hata mimi nilisema hivyo juu ya yule wa Kisumu. Maneno hayo hayo." Kisha akanionyesha jinsi ya kumgeuza Sitti bila kumuumiza nyonga.

Leo aliamka akavaa viatu kabla ya alfajiri, hakuvivua tena. Alipika navyo, aliosha vyombo navyo. Nilimpiga picha, nikamtumia yule kijana wa Mwingi kupitia kikundi chetu: dada yako yu hai, anarudi. Hakujibu bado. Angalau hilo nimelifanya, naliandika hapa ili nisionekane mbaya mwanzo mwisho.

Saa nane mchana walianza kushusha mizigo. Lamis alinipa kadi zake, seti nzima kwenye boksi, akasema yeye anamaliza shule mwaka huu na hazihitaji tena. Mwakani hatakuwa na shajara ya kuandika. Nikamuuliza, mwakani mtakuja lini? Akasema hajui, labda atakuwa chuo. Inategemea pia kama Madam atapata mtu mwingine wa kutoka Kenya, maana siku hizi ofisi zinachelewa sana.

Alisema kwa huruma. Ni mtoto mzuri.

Nilikaa na neno hilo. Kama hakuna mwenye anakuja.

Mwikali aliingia jikoni kuniaga. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Usijali. Nikifika tu, nitakutafutia mtu."

Nilidhani anamaanisha wakili, au mtu wa serikali, au mchungaji. "Mtu gani?" nikauliza.

"Msichana. Wa kuja. Kuna wengi hapo kwetu wanatafuta Saudia, nitampeleka mimi mwenyewe ofisini, aandikwe kwa hii familia. Akifika Malaz, wanamleta yeye hapa, wewe unatoka."

Alikuwa anasema kwa upendo. Alikuwa amefikiria usiku kucha jinsi ya kunisaidia, mimi niliyetaka abaki. Na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilikuwa namwona huyo msichana, nilimwona kabisa, amekaa kwenye zulia la Lamis au la jirani, anafurahi kusifiwa kwa kitu, begi lake bado jipya.

Nikasema, "Tafuta mwenye nguvu. Na mwambie asichelewe."

Ndivyo nilivyosema, mimi Nafula, mama Neema.

Wameondoka. Niligeuza ufunguo mara tatu mwenyewe, nikampa Sitti, akaurudisha shingoni. Gari sasa litakuwa limevuka Taif. Mwikali hana simu, lakini Lamis anayo, na wamekaa kiti kimoja cha nyuma. Nikimwandikia Lamis sasa hivi, atamsomea: usimtafute mtu yeyote, mwambie kila msichana wa Mwingi abaki nyumbani. Bando linatosha ujumbe kama huo mara kumi.

Nimeuandika. Uko hapa kwenye simu, mistari miwili. Nimejiambia nitautuma kesho asubuhi, nikiwa nimelala kidogo na nina nguvu. Naiandika ahadi hii mbele yenu ili nisijidanganye. Sitti ananiita nikamgeuze, naenda.

Sijautuma.